Kaunta ikuulize unaishi wapi, ikomee hapo

Kwetu Dar ukitaka kufungua akaunti benki, ukitaka kumwekea ndugu dhamana polisi, kuna siku utaambiwa nenda kachukue barua ya serikali ya mtaa. Unaenda, unakaa kwenye benchi, mjumbe anakutambua kwamba ndiyo, huyu anakaa kwenye ile nyumba yenye mwembe, mwenyekiti anaandika anagonga muhuri, unaondoka. Kazi ya ile barua ni kusema kitu kimoja tu, kwamba huyu mtu anaishi hapa na sisi tunamjua, basi. Haisemi ana hela au hana, haisemi ni mtu mzuri au mbaya.

Nimeikumbuka sana hiyo barua kwasababu kwa muda sasa nafuatilia namna majiji ya Ulaya na Marekani yanavyohangaika na watu wasio na makaratasi. Na tukisema watu wasio na makaratasi tusijifanye tunazungumzia watu wa mbali, hao ni wetu pia. Ni yule aliyezamia meli akashuka bandari asiyoijua, ni yule aliyeenda kusoma ada ikakata katikati na visa nayo ikaisha, ni yule dada aliyepelekwa kufanya kazi za ndani akakimbia mateso akaacha pasipoti kabatini kwa bosi, ni yule aliyejilipua, yaani akaomba ukimbizi, ombi lake likakataliwa na akabaki hukohuko akibeba boksi, na Jumamosi anatuma hela nyumbani kama kawaida na mama yake hajui chochote.

Sasa kuna vitu viwili watu wanavichanganya kila siku. Nani aingie nchini, nani apewe kibali, nani afukuzwe, hiyo ni kazi ya serikali kuu, jiji halitoi visa wala halimdipoti mtu. Lakini huyo mtu akishaingia haishi kwenye serikali kuu, anaishi kwenye mtaa, analala kwenye chumba, anatoa takataka, mtoto wake anapata homa saa nane usiku, akiibiwa anaibiwa na mwizi yuleyule anayemwibia jirani yake mwenye pasipoti ya nchi. Kwahiyo jiji linajikuta lina mkazi ambaye kwa serikali kuu hayupo, na haliwezi kujifanya halimuoni, maana kifua kikuu hakiulizi kibali na moto ukiwaka ghorofa ya tatu unapanda ya nne.

Kwa jinsi ninavyoona mimi, tofauti kati ya jiji linalowafikia hawa watu na jiji linalowakosa haitokani sana na ukarimu wa meya wala hotuba zake. Inatokana na vitu viwili vidogo vya ofisini, kaunta inakuuliza swali gani, na jibu lako likishaandikwa linakwenda wapi.

Tuanze na Uhispania kwasababu hao ndo wana kitu kinachofanana zaidi na barua yetu ya mtaa. Kinaitwa padroni, ni daftari la wakazi la kila manispaa, na msingi wake ni sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1985 ambayo inasema kila anayeishi Uhispania lazima ajiandikishe kwenye manispaa anayoishi. Lazima! Yaani sio hisani, ni wajibu wa mkazi, na manispaa nayo haina ruhusa ya kumuuliza kibali cha kuishi nchini kabla haijamwandika, kinachotakiwa ni kitambulisho kama pasipoti na kitu cha kuonyesha kwamba kweli unakaa hapo unaposema unakaa. Hata asiye na nyumba anaweza kuandikwa, Barcelona kwa mfano ina utaratibu kabisa wa kumwandika mtu asiye na anwani ya kudumu, ustawi wa jamii unathibitisha kwamba huyu yupo hapa mjini tunamjua analala wapi.

Na wajanja waliotunga hii sheria waliweka kitu kingine ambacho naona watu hawakisemi vya kutosha. Fedha ambazo serikali kuu ya Uhispania inazigawia manispaa zinaangalia idadi ya watu walioko kwenye padroni, hata idadi ya madiwani inategemea hiyohiyo hesabu. Kwahiyo mkazi asiyeandikwa ni hela ambayo mji umeikosa, na meya hata kama moyoni hapendi wageni ana sababu ya kuwaandika. Huu mpangilio una akili sana, sheria nyingi zinategemea huruma ya mtu wa kaunta na huruma ikiisha sheria inakuwa karatasi tu, hii imefunga huruma pamoja na pesa ya mji.

Haikuzuia vurugu lakini. Januari 2010 mji mmoja wa Catalonia unaitwa Vic, wakati mdororo wa uchumi umewabana watu na vyama vinavyopinga wageni vinapata kura pale, ulitangaza kwamba kuanzia sasa asiye na kibali haandikwi. Nchi nzima ikawaka, wanasheria wa serikali wakasema hamuwezi, sheria haiwaruhusu, na mji ukarudi nyuma. Mimi hilo tukio nalipenda kwasababu linaonyesha faida ya haki kuwa kwenye sheria ya nchi na sio kwenye ahadi ya meya, meya wa Vic alikuwa amechaguliwa na wananchi na bado hakuweza kulifunga hilo daftari.

Jina likishaingia kwenye padroni milango inaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine. Mtoto anaingia shule. Kadi ya afya unaipata kwa kuonyesha hiyo hati, sheria ya wageni ya mwaka 2000 ilisema mgeni aliyeko kwenye padroni anatibiwa sawa na Mhispania. Alafu kuna hili kubwa ambalo kila mwenzetu aliyeko kule analijua kwa jina lake, arraigo, maana yake kama kuota mizizi. Mtu asiye na makaratasi akithibitisha ameishi nchini muda fulani, zamani ilikuwa miaka mitatu na kwa kanuni mpya zilizoanza Mei 2025 imekuwa miwili, akiwa na mkataba wa kazi au mambo mengine yanayotakiwa, anaweza kuomba kibali halali. Na ushahidi mkuu wa kwamba umeishi ni nini? Ni hiyohiyo padroni. Karatasi ya mtaa inazaa karatasi ya nchi. Hebu tuliza akili uione hiyo, mtu ambaye serikali kuu inasema hayupo, manispaa imekuwa ikimwandika miaka miwili kwamba yupo, na mwishoni serikali kuu inaikubali hesabu ya manispaa.

Ila tusipambe, kule kaunta pana mashimo mengi. Wenye nyumba wengi hawataki wapangaji wajiandikishe, wanaogopa kodi au wamekupangisha chumba ambacho hawaruhusiwi kupangisha, matokeo yake kumezaliwa biashara ya anwani, mtu anakuuzia anwani yake ujiandikishe pale wakati unalala kwingine. Miadi ya mtandaoni nayo ni kilio, unaingia kila siku hakuna nafasi, alafu unasikia kuna mtu anaziuza. Na kuna kipengele cha mwaka 2003 kinachosema mgeni wa nje ya Umoja wa Ulaya asiye na ukazi wa kudumu lazima ahuishe jina lake kila baada ya miaka miwili, asipofanya hivyo anafutwa. Mtu anahamahama, barua inatumwa anwani ya zamani, anashtuka jina halipo.

Shimo lililo baya kuliko yote limo kwenye mabadiliko hayohayo ya 2003. Waliweka ruhusa ya polisi kuingia kwenye data za padroni kwa ajili ya mambo ya wageni. Yaani daftari lilelile tunalomwambia mtu jiandikishe usiogope, mlango wake wa nyuma umeachwa wazi. Watakwambia hautumiki sana, na inawezekana kabisa, lakini mtu mwenye hofu hapigi hesabu za mara ngapi, akishasikia kwamba inawezekana anakaa nyumbani. Na anayekaa nyumbani ndo yule mjamzito ambaye kliniki ilitakiwa imuone mwezi wa tatu wanamuona siku ya kujifungua.

Uhispania wenyewe walishajaribu kufunga mlango wa afya wakaona kilichotokea. Aprili 2012, katikati ya kubana matumizi, serikali ilitoa amri iliyowaondoa wasio na vibali kwenye matibabu ya kawaida, wakabakiziwa dharura, uzazi na watoto chini ya miaka 18. Baadhi ya mikoa kama Basque na Andalucía ilitafuta njia ya kuendelea kuwatibu. Mwaka mmoja baadae, Aprili 2013, kijana wa Senegal alifariki kisiwani Mallorca kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao una dawa, na dawa yake ina miaka mingi tu. Watetezi wa wahamiaji walisema alizungushwa kwasababu hakuwa na kadi. Mwaka 2018 serikali mpya ikarudisha haki ya matibabu. Miaka sita yote hiyo ya kuzungushana kuhusu ugonjwa unaoambukiza kwa hewa, kwenye mabasi ambayo wanapanda wote, wenye kadi na wasio na kadi.

Sasa wa kufunga mlango wa nyuma ni Waitalia, na naomba hili mlisome taratibu kwasababu kwangu mimi hapa ndo kwenye kiini chenyewe. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1998, ibara ya 35, inasema mgeni asiye na kibali akienda hospitali, kwenda kwake hospitali hakuwezi kusababisha aripotiwe kwa mamlaka, isipokuwa pale ambapo hata Mtaliano angeripotiwa. Anapewa namba ya muda inayoanza na herufi STP, inadumu miezi sita inahuishwa, anatibiwa dharura na matibabu ya lazima, mama anahudhuria kliniki, mtoto anachanjwa. Daktari hajaambiwa anaweza kunyamaza akipenda, amekatazwa kusema. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, kunyamaza kwa hiari kunategemea nani yuko zamu.

Mwaka 2009 wanasiasa wa kule walitaka kulifuta hilo katazo, Seneti ikapitisha mwezi Februari. Madaktari na manesi wakatoka, wakasema sisi ni wahudumu wa afya sio wapelelezi, kelele zikawa kubwa mpaka sheria ilipokamilika Julai ile ibara ya 35 ilikuwa bado imesimama. Ninachojifunza hapo ni kwamba ukuta huu kati ya hospitali na polisi ukishajengwa wanaoulinda ni watu wa kazi wenyewe, kwasababu nesi anajua kwamba siku moja tu ya polisi kwenye korido ya hospitali inatosha kumkosesha wagonjwa wa miezi.

Linganisha na Ujerumani, ambako kuna kifungu cha 87 cha sheria ya ukazi kinachozitaka ofisi za umma zitoe taarifa kwa ofisi ya wageni zikigundua mtu hana kibali. Shule zilitolewa kwenye huo wajibu mwaka 2011, kabla ya hapo mzazi kumpeleka mtoto darasa la kwanza ilikuwa ni kama kucheza kamari. Lakini kwa matibabu yasiyo ya dharura bado ukiomba ustawi wa jamii walipie, taarifa inaweza kwenda. Kwahiyo miji kama Berlin imebidi itafute njia za pembeni, cheti cha kutibiwa bila jina kwenda popote, vituo vya ushauri, madaktari wa kujitolea. Ni kazi nzuri na wanaoifanya Mungu awabariki, ila angalia nguvu inayotumika hapo, mji unatoa hela na akili kuzunguka sheria ya nchi yake mwenyewe. Na Uingereza, Januari 2017 walianza makubaliano rasmi ya huduma ya afya kuwapa uhamiaji anwani za wagonjwa, wabunge wa kamati ya afya na madaktari wakapiga kelele, Mei 2018 yakasimamishwa kwa sehemu kubwa. Mwaka mmoja na miezi kama minne tu. Lakini kwa mtu aliyeacha kwenda kwa daktari kipindi hicho, nani atamfuata nyumbani kumwambia rudi sasa wameacha?

Marekani wao hawana padroni wala mjumbe, kwahiyo majiji yalibuni kadi. New Haven, mji mdogo wa Connecticut, ndo uliotangulia mwaka 2007, kadi ya mkazi kwa yeyote anayeishi pale. Tarehe 4 Juni madiwani wakapitisha, tarehe 6 Juni alfajiri maafisa wa uhamiaji wakaingia mtaa wa Fair Haven wakakamata watu, siku hizo kwa jumla kama 30 hivi. Uhamiaji walikana kwamba ni kisasi. Mji haukurudi nyuma, Julai watu walipanga foleni kuchukua kadi, na waliopanga foleni walikuwa ni pamoja na raia wenyewe, watu ambao hawakuwa na shida yoyote ya kitambulisho, walikuja ili kadi isiwe ya watu fulani tu.

Hicho kitu New York walikielewa vizuri sana walipoanzisha kadi yao ya IDNYC Januari 2015. Maana kadi ikibebwa na wasio na makaratasi peke yao inageuka alama, polisi akiiona anajua, karani akiiona anajua, umemsaidia mtu kwa kumbandika kibandiko usoni. Kwahiyo jiji likaweka vishawishi kwa kila mkazi, uanachama wa bure wa mwaka mmoja kwenye makumbusho na bustani za wanyama, kutumia maktaba, kufungua akaunti kwenye baadhi ya taasisi za fedha. Watu wakajaa, miadi ikawa ya kusubiri miezi, na leo waliowahi kuichukua wamepita milioni moja. Mama mwenye visa iliyoisha na mwanasheria wa Manhattan wana kadi moja. Hapo ndo kadi inapata nguvu, na mimi mji wowote unaotaka kutoa kadi ya namna hii ningeuuliza swali moja tu, je diwani wako anayo mfukoni?

Lakini New York nao walifanya kosa, walitunza nakala za pasipoti na vitambulisho vya waombaji. Sheria ya jiji ilikuwa imewapa nafasi ya kuziharibu mwisho wa 2016, na Novemba ya mwaka huohuo Donald Trump akashinda urais. Wabunge wawili wa jimbo kutoka Staten Island wakakimbilia mahakamani kuzuia zisiharibiwe. Miezi yote ile watu walikuwa roho juu, anwani zao zimekaa kwenye kompyuta ya jiji zinasubiri hukumu. Aprili 2017 jaji akasema jiji lina haki ya kuziharibu, na jiji lenyewe lilikuwa limeshaacha kutunza nakala za waombaji wapya. Iliishia vizuri, ila ilikuwa bahati, na mambo ya usalama wa watu hayatakiwi kutegemea bahati ya jaji mmoja.

Na kama kuna anayedhani natia chumvi, mwaka 2025 umejibu. Juni ya mwaka huo wizara ya afya ya Marekani iliikabidhi wizara ya usalama wa ndani data za wanufaika wa bima ya Medicaid kutoka majimbo kadhaa, California na Illinois zikiwemo, majimbo ambayo yalikuwa yamewafungulia wasio na makaratasi matibabu kwa hela ya jimbo. Watu waliambiwa njooni mjiandikishe, hii ni kwa ajili ya afya zenu. Waliowaambia hivyo walikuwa wakweli kabisa nina hakika, nesi alikuwa mkweli, mtu wa jimbo alikuwa mkweli. Ila data haina utii kwa aliyeikusanya, inamtii aliye na ufunguo leo. Ndio maana nasema huduma nzuri ya jiji lazima ianze na uvivu wa makusudi, usiulize usichokihitaji, ukiuliza usiandike, ukiandika futa. Karani akitaka kujua kama mtoto anaishi kata hii ili apate shule, anwani inatosha, visa ya baba yake inamhusu nini?

Sasa najua wapo watakaoniambia ukiwafungulia huduma unawavuta wengine waje. Hiyo hoja siidharau, mlipa kodi ana haki ya kuuliza hela yake inakwenda wapi. Lakini wote tunawajua waliokwenda, tumekaa nao kabla ya safari. Hakuna aliyekaa kijiweni akasema naenda Barcelona kwasababu kuna daftari la wakazi, wanasema kuna binamu yangu kule, kuna kazi kwenye mashamba ya matunda, kuna mtu atanipokea wiki mbili za mwanzo. Kinachovuta ni kazi, na hiyo kazi mwenye kuitoa ni mwenyeji, mwenye mgahawa, mwenye shamba, mama anayetaka mtu wa kumlea mzee wake. Ukimnyima huyu mfanyakazi kliniki na polisi, kazi haipungui, inakuwa ya bei rahisi zaidi kwa bosi kwasababu sasa ana mtu ambaye hawezi kulalamika popote.

Waholanzi kwenye hili la polisi wana utaratibu ambao kwao wanauita kuingia huru na kutoka huru, mtu asiye na kibali akiibiwa au akipigwa anaweza kuingia kituoni akatoa taarifa na akatoka bila kukamatwa kwa ajili ya kibali. Ulianza kama majaribio ya eneo moja, baadae ukawa wa nchi nzima. Faida yake sio ya mgeni peke yake, mwizi anayechagua kuwaibia wasioweza kwenda polisi kesho atahamia kwako. Hao hao Waholanzi lakini mwanzoni mwa 2025 serikali kuu iliacha kuchangia hela za makazi ya watu waliokataliwa ukimbizi kwenye miji mitano iliyokuwa kwenye mpango, Amsterdam na Utrecht zikiwemo, wakati watu wenyewe wapo palepale mjini. Nani anabaki nao? Jiji.

Na huku kwetu tusiwatazame Wazungu kama sinema. Nairobi Aprili 2014, operesheni ya polisi ya kusaka wageni wasio na vibali iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikusanywa Eastleigh na mitaa mingine, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa, na kati yao walikuwemo Wakenya kabisa wenye asili ya Kisomali. Jiji zima linafanya biashara na Eastleigh, nguo zinatoka pale, simu zinatoka pale, alafu kwa wiki kadhaa mtu anaogopa kutoka kwenda dukani kununua maziwa ya mtoto. Mtaa wa namna hiyo ukishaogopa, hata mtu wa chanjo akija na kipaza sauti mlango haufunguliwi. Na sisi Watanzania tunaikumbuka Januari 2020, laini zilipoanza kufungwa kwa wasiosajili kwa alama za vidole, foleni za NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, zilivyokuwa, wazee wetu wa vijijini waliozaliwa hapa na babu zao wamezikwa hapa hawana namba. Siku ile raia alionja kidogo tu kuwa mtu ambaye mfumo haumuoni. Huwezi kupokea hela, huwezi kupiga simu, na hujafanya kosa lolote.

Kuna kitu kimoja zaidi kinanisumbua. Hata ukuta ukiwa imara na kaunta ikiwa na adabu, mtu hawezi kuishi maisha yake yote kwenye huduma za jiji bila kibali. Geneva, moja ya miji tajiri kabisa duniani, Mei 2020 wakati wa korona kulikuwa na foleni ya chakula kwenye uwanja wa barafu wa Vernets, zaidi ya kilomita moja, zaidi ya watu elfu mbili Jumamosi moja, kwa ajili ya mfuko wa tambi na mafuta na sabuni. Wengi walikuwa wanawake wanaosafisha nyumba za watu na kulea watoto wa watu, bosi alipowaambia msije hawakuwa na mkataba wala mahali pa kudai. Hao wanatibiwa hospitali ya mji, watoto wao wanasoma shule za mji, Geneva haikuwa mji mbaya kwao. Ila huduma haikuwapa mkataba.

Na Geneva hiyohiyo ndo ilikuwa imetoka kufanya kitu ambacho natamani kila mji ukisome. Februari 2017 mpaka mwisho wa 2018, mpango ulioitwa Papyrus, jimbo lilikaa chini na vyama vya wafanyakazi na watetezi wa wahamiaji na serikali kuu, wakaandika masharti waziwazi kila mtu ayaone kabla hajajitokeza. Umekaa miaka mitano kama una mtoto shuleni, kumi kama uko peke yako au hamna mtoto shule, unafanya kazi unajitegemea, huna deni wala kosa la jinai, unazungumza Kifaransa cha kawaida. Watu 2,390 wakapata vibali. Idadi ni ndogo ukilinganisha na kilio kilivyo, lakini hawa walitoka kwenye kujificha kwa jina lao kamili, na waajiri waliokuwa wanawalipa kienyeji wakabanwa walipe michango. Utaona waliofaulu kuthibitisha miaka yao walithibitisha kwa kitu gani, kwa karatasi ndogondogo za maisha, ripoti za shule ya mtoto, pasi ya basi ya mwezi, risiti. Huduma za kawaida walizokuwa wanazipata ndo zilizokuja kuwatolea ushahidi.

Kwahiyo kama una ndugu au rafiki Uhispania hana makaratasi na anasoma hii, au wewe ndo unasoma uko Lavapiés kule Madrid au Raval kule Barcelona au kwenye mashamba ya Almería, na bado hujaingia kwenye padroni kwasababu umeambiwa polisi wanaona, mimi siwezi kukwambia hawawezi kuona, sheria inawaruhusu na nimeshasema naona ni kosa. Lakini kila mwezi unaopita bila jina lako pale ni mwezi ambao hutaweza kuuhesabu siku ya arraigo. Tafuta chama cha wahamiaji wa hapo mjini wakuelekeze kabla hujanunua anwani kwa mtu. Ukishaandikwa omba cheti chako ukitunze, andika tarehe mahali utakapoiona, ukutani, kwenye simu, mwambie na mwenzako wa chumba, maana baada ya miaka miwili lazima urudi mwenyewe ukahuishe, hata kama umeshahama mara nne, hata kama hakuna barua iliyokufikia.